Nguruzi Hulala kwa Mke

Maanrifa alipoiona ile nguruzi kwa mara ya kwanza, alicheka. Mwanamume ametuma salamu wiki tatu, amebembeleza atokewe mlangoni alasiri moja tu, halafu anakuja na kipande cha mti kisichozidi kidole cha kati! Wenzake waliletewa marashi na vitambaa. Yeye kaletewa kizibo.

"Ndicho hiki ulichosema sitaweza kukikataa?" alimuuliza.

"Ndicho," akajibu Saïndou. Hakucheka.

Alisimama nje ya kizingiti, hatua mbili kamili kama adabu ilivyotaka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, mikono inanuka mafuta ya papa na karafuu. Saïndou alikuwa fundi wa mashua pale bandarini Mutsamudu, na balaa lao lilianzia kwenye neno hilo hilo. Kwa watu wa Mutsamudu, fundi ni mwalimu wa dini, mwenye kanzu na vitabu na wanafunzi wa kumbebea viatu. Bi Hakima, mama yake Maanrifa, aliapa zamani kwamba binti yake ataolewa na fundi au mtumishi wa serikali, na kila majirani walipomchokoza kwamba Saïndou naye ni fundi, alijibu bila hata kugeuza shingo: "Nilisema fundi wa vitabu. Sikusema fundi wa matanga."

Siku hiyo mji mzima ulikuwa umemwona kazini. Msimu wa safari ulikwisha. Mvua za kaskazi zilikuwa mlangoni, na nyuma yake dhoruba, na hakuna mwenye akili anayeacha chombo kidogo majini miezi hiyo. Kwa hiyo asubuhi, maji ya bamvua yalipojaa, Saïndou na wanaume ishirini waliipandisha nchi kavu Kolombi, mashua nyeupe ya matanga ya Kapteni. Kapteni alikuwa mmoja wa wale askari wa kizungu waliokuja mwaka wa sabini na nane wakabaki, wakaweka kambi Moroni, kwenye kisiwa cha jirani, na tangu hapo watu wakajifunza kuzungumza kwa sauti ndogo. Mashua yake ikionekana tu inaingia bandarini, wenye maduka walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli ndani.

Maanrifa aliyaona yote kutoka juu ya paa la nyumba yao. Aliyaona magogo yaliyopakwa shahamu, akaiona mashua ikipanda kidogo kidogo hadi ndani ya banda la mabati, na Saïndou akiitia magadi, miti ya kuegemeza, ubavuni isimame wima. Akamwona akiyasuuza matanga kwa maji ya mtoni, akiyaanika, akiyakunja, na kila kunjo akilitia punje za karafuu ili mende wasiyale. Kazi ile aliifanya taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mara moja tu aliinua macho kuelekea paani, na mara hiyo moja ilimtosha Maanrifa mpaka alasiri.

"Haya, nieleze," akasema sasa, akiigeuza nguruzi kiganjani. Ilikuwa imepakwa mafuta, na kichwani ilichomwa alama kwa msumari wa moto, herufi moja ya kizungu.

"Chini ya mashua kuna tundu. Mashua ikiwa majini, nguruzi hii huliziba. Ikipanda nchi kavu tunaichomoa, maji ya mvua yapate pa kutokea, mbao zisioze."

"Hilo hata mtoto wa Mutsamudu analijua."

"Na unajua ikichomolewa inalala wapi?"

Maanrifa akaacha kuigeuza. Alijua. Ilikuwa desturi ya watu wa bandari tangu enzi za mababu: nguruzi haiachwi chomboni ikapotea. Aliyeichomoa huenda nayo nyumbani akampa mkewe, na mke huitunza mpaka msimu urudi. Asiye na mke humpa mama yake. Ndiyo maana hakuna chombo kilichoshushwa majini Mutsamudu kabla mtu hajauliza, "Nguruzi imelala wapi?" na ndiyo maana wasichana wakitaka kujua kama mvulana fulani ana mtu, huulizana vivyo hivyo, wakacheka na kuzibana midomo.

"Mwaka jana ililala kwa mama," alisema Saïndou. Mama yake alifariki Ramadhani iliyopita, na hakuwa na ndugu mwingine. "Mwaka huu nimekaa nayo mkononi toka asubuhi, sijui niipeleke wapi. Halafu nikajua."

"Saïndou, mjomba Maoulida keshatoa neno kwa watu wa Moroni."

"Neno limetoka kinywani mwa mjomba, halijatoka kinywani mwako. Nitamwendea mwenyewe. Nipe mpaka mwezi uandame. Wewe nitunzie hii tu. Kama hunitaki, nirudishie sasa hivi, niitie mfukoni niende zangu. Sitakulaumu."

"Nani huyo mlangoni?" Bi Hakima aliita kutoka uani.

"Muuza samaki, mama!"

"Mwambie tunao!"

Saïndou alikuwa bado anamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi na jua, na ndani yake mlikuwa na hofu ambayo Maanrifa hakuwahi kuiona kwa mwanamume yule, hata alipokuwa akipanda milingoti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Akaifunga nguruzi kwenye pindo la shiromani yake, nguo aliyojitanda, mafundo mawili.

"Tunao," akamnong'oneza. "Ila huyu namchukua."

*

Mwezi haujaandama, Bi Hakima akampandisha bintiye ndege ndogo ya Moroni.

Walifikia kwa mama mdogo Naïma, nyuma ya soko la Volo Volo, na kazi iliyowaleta ilikuwa moja, kununua vitambaa vya harusi. Mchumba aliitwa Mdahoma. Alikuwa mkalimani wa wale wazungu wa kambini, mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye miwani na sauti ya taratibu, hana ubaya wowote. Hicho ndicho kilichomtesa Maanrifa, maana mtu mbaya ni rahisi kumkataa. Nguruzi ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa, na kila usiku kabla ya kulala aliingiza mkono kuipapasa.

Asubuhi ya Jumatano Mdahoma alikuja mapema kuliko desturi yake.

"Kwezi, bweni," akamwamkia Bi Hakima, na Bi Hakima akaitikia, "Mbona," kama Waswahili wanavyopeana shikamoo na marahaba; bweni ni bibi. Akapewa kahawa na mkate wa sinia. Mkate hakuugusa, na kahawa akaiacha ipoe.

"Mwanangu, una homa?"

"Hapana, bweni. Sijalala tu. Kuna mtu wa kwenu ameletwa kambini. Fundi wa mashua."

Maanrifa alikuwa na kitambaa magotini. Akaendelea kukikunja, akakunjua, akakunja tena.

"Kafanya nini?" aliuliza Bi Hakima.

"Wanasema amewazamisha askari." Mdahoma akashusha sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mgeni. "Kapteni alibadili mawazo, akataka mashua yake aletewe huku Moroni. Askari wanne wa huko Mutsamudu wakaenda na lori, wakaangusha magadi, wakaisukuma majini wenyewe. Huyo fundi siku hiyo alikuwa kijijini Patsy kwenye maziko. Wamefika nje ya bandari, maji yakaanza kupanda miguuni. Mashua ikaenda chini. Wao wameponea kuogelea."

"Hawakuuliza nguruzi imelala wapi?"

Maneno yalimtoka Maanrifa kabla hajayashika. Bi Hakima akageuka, akamtazama bintiye. Ulikuwa mtazamo mfupi sana, lakini damu ilimwisha Maanrifa usoni.

"Imelala?" Mdahoma alikuwa Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, na bahari aliijua kwa kuitazama. "Nguruzi ndiyo nini?"

"Maneno ya wavuvi wa kwetu," alisema Bi Hakima upesi. "Endelea, mwanangu."

"Tundu lilikuwa wazi. Kapteni anasema mtu yule kaliacha wazi kwa makusudi. Yeye anasema kakichomoa kizibo kwa kuwa ndiyo kazi, mashua ilikuwa imehifadhiwa. Kapteni akamwambia, vizuri, kama ulikichomoa kwa kazi, umekiweka wapi? Kilete nikione. Hapo ananyamaza. Leo siku ya tatu anaulizwa neno hilo moja, na ni kimya. Mimi ndiye ninayeuliza. Nimemwambia kwa lugha yangu, ndugu yangu, sema hata uongo! Ananitazama tu."

"Na itakuwaje?" Sauti ya Maanrifa ilitoka nyembamba.

"Kesho jioni Kapteni anapanda ndege. Amesema atalimaliza jambo hili kabla ya kupanda."

"Atalimalizaje?"

Mdahoma alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati. "Sijauliza. Mimi hutafsiri maneno, bibie. Mengine siyaulizi."

Alipoondoka, mama mdogo Naïma akaenda naye hadi njiani. Bi Hakima akafunga mlango wa chumba, akauegemea kwa mgongo.

"Kiko wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza kiko wapi, Maanrifa!"

"Sandukuni."

Bi Hakima akajishika kifua. Alikuwa mwanamke mwenye hasira za karibu, lakini siku hiyo hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa woga mtupu, na Maanrifa aliuogopa woga wa mama yake kuliko alivyowahi kuogopa kofi lake.

"Muuza samaki," alisema Bi Hakima. "Nami nikakwambia tunao. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kakitupe. Choo cha Naïma kina shimo refu."

"Ananyamaza kwa ajili yangu, mama. Akisema kililala wapi, amenitangaza. Ndiyo maana hasemi. Anaona afadhali afe."

"Ni mwanamume! Amechagua mwenyewe, na amechagua vizuri, Mungu amrehemu. Wewe unataka kuchagua nini? Unafikiri wale wanachukua wanaume peke yao? Ukiingia na kile kijiti mle ndani, kwanza hujui kama utatoka. Na ukitoka, utakuwa umejiozesha mwenyewe, mbele ya askari, bila mjomba, bila kadhi, na mwenye kukutafsiria ndiye mchumba wako! Nitauweka wapi uso wangu?"

"Hana mtu, mama. Hata wa kumpelekea chakula pale getini hana. Mama yake amekufa."

"Mimi si mama yake!" akapiga kelele Bi Hakima, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akatazama dirishani kama kuna aliyesikia.

*

Usiku ule Maanrifa hakupata hata lepe la usingizi. Kila gari lililopita barabarani alilisikia kuwa la kambini. Alijaribu kukumbuka uso wa Saïndou akakumbuka mikono yake tu, ikitia karafuu kwenye matanga, na alipowaza mikono ile inafanywa nini muda huo, alitafuna ncha ya mto asisikike.

Asubuhi alisema anakwenda sokoni kurudisha kitambaa. Bi Hakima alikuwa juu ya mswala, anavuta tasbihi, hakuinua kichwa.

Alimngoja Mdahoma pale Volo Volo, kwenye kibanda cha muuza nazi, maana alijua ndiyo njia yake ya kazini. Watu walikuwa wengi, wachuuzi wanagombania bei ya samaki. Mdahoma alipomwona, uso ulimchanua. Maanrifa akaona aibu.

Akafungua fundo la shiromani, nguruzi ikalala kiganjani.

Mdahoma aliitazama nguruzi. Akaiona alama kichwani. Uso ukafunga polepole.

"Umeipata wapi?"

"Ilikuwa kwangu."

"Jana ulisema kulala. Kwenu nguruzi kulala mahali, maana yake nini?"

Akamweleza. Hakupunguza neno. Alimalizia kwa mke na mama. Muuza nazi akawauliza kama wananunua au wanamzibia biashara. Wakasogea pembeni.

"Ungeweza kuniambia umeiokota ufukweni," alisema Mdahoma hatimaye.

"Ungeamini?"

"Ningetaka kuamini."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yamechoka, na Maanrifa alitambua kwamba hajawahi kumtazama vizuri mtu ambaye angelala kitanda kimoja naye maisha yake yote.

"Nipe mimi niipeleke," akasema. "Wewe rudi nyumbani."

"Atakuuliza umeitoa wapi. Utasemaje? Atakufunga na wewe."

"Nikikuingiza mle, sijui kama nitaweza kukutoa."

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa, Mdahoma. Twende sasa hivi, kabla sijageuka."

Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mimi naingia mle kila siku, mwaka wa nne huu, na kila siku naogopa. Haya. Twende, waoga wawili."

*

Kapteni hakuwa mtu mkubwa. Maanrifa alimtarajia jitu, akamkuta mwanamume mfupi mwenye nywele za mvi, ameketi nyuma ya meza anamenya chungwa kwa kisu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Maanrifa angependelea apige kelele.

Kifaransa chake cha shule kilimtosha kushika neno hapa na pale. Mengine yote Mdahoma alimpa.

Kapteni aliichukua nguruzi, akaigeuza, akaweka kidole kwenye ile alama. Aliichoma mwenyewe. Akainusa mafuta yaliyopakwa. Mtu anayetaka kuzamisha watu hapaki kizibo mafuta akakitunza. Hilo Maanrifa aliliona likipita usoni pake, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi ya kushiba.

"Anasema," Mdahoma alitafsiri, "kwao kizibo kikichomolewa hufungwa kwenye usukani, kila mtu akione. Kwa nini hiki kilikuwa kwako?"

"Mwambie kwetu hakikai chomboni. Huenda kulala nyumbani."

"Anauliza, wewe ni nani kwake?"

Askari wawili walikuwa mlangoni, mmoja wao Mwandzuwani, mtu wa kisiwa cha kina Maanrifa, na huyo alikuwa ameelewa yote kabla hayajatafsiriwa, maana alikuwa ameinamisha macho.

"Mwambie," alisema Maanrifa, "nguruzi ililala kwangu."

Mdahoma akamgeukia Kapteni. Kisha akasema neno moja la Kifaransa, ambalo hata asiyesoma angelielewa. Madamu.

Kapteni aliweka kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna, akameza. Halafu akasema jambo refu, na Maanrifa aliona jasho likimtoka Mdahoma juu ya mdomo.

"Anasema huenda ni kweli, na huenda tumelipanga mimi na wewe. Utakaa chumba cha pili, mlango nusu wazi. Ataletwa mtu wako aulizwe kizibo kililala wapi. Akitaja mkewe, mtakwenda zenu wote wawili. Akitaja pengine, au akinyamaza..." Hakumaliza. "Na wewe ukitoa sauti, yamekwisha."

Maanrifa akaelewa kwamba wamepotea. Kwa maana alimjua Saïndou. Atanyamaza! Siku nne amenyamaza ili jina lake lisitajwe, na sasa atanyamaza mara ya mwisho, na ukimya ule alioukusudia uwe zawadi ndio utakaowamaliza wote wawili.

Askari Mwandzuwani akamsimamisha nyuma ya mlango, akaweka kidole mdomoni kumwonya.

Walimleta. Kwenye upenyo wa mlango Maanrifa aliona nusu ya uso tu, na nusu ile ilikuwa imevimba. Mdomo umepasuka. Alikuwa anatembea kama mzee. Maanrifa akaingiza pindo la shiromani kinywani, akaling'ata kwa meno yote.

Kapteni aliuliza swali lake kwa sauti ile ile ya kuzungumza na mgonjwa.

Mdahoma hakutafsiri upesi. Kila siku aliuliza kwa Kingazidja, na Kapteni alikuwa amekaa Moroni miaka ya kutosha kuokota Kingazidja cha sokoni. Safari hii akamgeukia Saïndou, akazungumza Kindzuwani, lugha ya Mutsamudu, Kindzuwani cha kuvunjikavunjika alichokuwa akijifunza ili awafurahishe wakwe zake.

"Kapteni anauliza nguruzi ililala wapi," alisema. Kisha, bila kubadili sauti, bila kupepesa jicho: "Sema tu, ndugu yangu. Mkeo keshasema."

"Umeongeza maneno," alisema Kapteni. Hilo Maanrifa alilielewa mwenyewe kwa Kifaransa.

"Lugha yao ni ndefu, Kapteni."

Kisu kikatulia juu ya chungwa. Saïndou alikuwa anamtazama Mdahoma. Alimjua ni nani. Mutsamudu yote ilijua mkalimani yupi anamwoa binti wa Bi Hakima. Maanrifa aliona jicho lile moja linalofunguka likimpekua Mdahoma usoni, likitafuta mtego, maana nani angeamini? Mtu anamwita mchumba wake mwenyewe "mkeo" mbele ya mwanamume mwingine! Muda ulikuwa mrefu. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja, fagio linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi. Sema, alimwomba moyoni. Sema, Saïndou, niaibishe!

"Kwa mke wangu," alisema Saïndou.

Mdahoma akatafsiri. Sauti haikumtetemeka hata kidogo.

*

Waliachiwa getini adhuhuri, kwa sharti moja: Saïndou arudi Mutsamudu, aitoe Kolombi chini ya maji, na msimu ukirudi aikabidhi ikiwa inaelea. Kapteni alimtupia Maanrifa nguruzi mezani bila kumtazama, akasema irudi ilikolala.

Mdahoma hakutoka nao. Alisimama ndani ya geti, mikono nyuma.

"Watu wa Mutsamudu watakuwa na habari kabla ya ndege yenu," alimwambia Maanrifa. "Yule askari ni wa Hombo, pale pale Mutsamudu. Huwezi tena kurudi nyuma."

"Mdahoma, mimi..."

"Usiniambie. Mimi hutafsiri maneno, unajua." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana, akageuka akarudi kule ndani anakoogopa kila siku.

Maanrifa na Saïndou walitembea bila kushikana. Jua lilikuwa kali, na kila hatua walisubiri kuitwa warudi.

"Kwa nini ulikuja?" aliuliza Saïndou. Maneno yalimtoka kwa shida kupitia mdomo ule.

"Kwa nini ulinyamaza?"

Saïndou alikuwa amesimama. Upande wa pili wa barabara, juu ya jiwe, aliketi Bi Hakima, mwavuli mkononi haujafunguliwa, tasbihi imezungushwa kifundoni mwa mkono. Ametoka jasho mpaka shiromani imemganda. Ilionekana yupo pale muda mrefu.

Maanrifa akahisi woga mpya, nao ulikuwa wa zamani kuliko ule wa Kapteni. Saïndou akatangulia mbele yake, akainamisha kichwa.

"Kwezi, bweni."

Bi Hakima hakuitikia. Aliutazama ule uso, jicho lililofumba, damu iliyokauka shingoni, akashuka hadi mikononi, akavihesabu vidole kimoja kimoja kana kwamba ni vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Bado hujaoa," akasema.

"Ndiyo, bweni."

"Mliyoyasema mle ndani mmesema kwa hofu. Mjomba Maoulida hajakaa, kadhi hajaitwa, na binti yangu hatoki kwangu kwa neno la askari." Akanyoosha kiganja kwa Maanrifa. "Ilete."

Maanrifa hakuwa na nguvu ya kubisha. Akafungua fundo, akaiweka nguruzi mkononi mwa mama yake, akangoja aitupe.

Bi Hakima akaifunga kwenye pindo la shiromani yake mwenyewe. Mafundo mawili, kisha la tatu.

"Asiye na mke," akamwambia Saïndou, "nguruzi yake hulala kwa mama yake. Twende nyumbani, mwanangu. Umekula?"